Glasi Mbili za Jumatano

Jumatano, tarehe 4 Machi

Mvua imeanza leo saa tisa alasiri, bila hata kupiga hodi. Nilikuwa kaunta nikimweleza mama mmoja namna ya kumpa mwanawe dawa ya kikohozi, tukashindwa kusikilizana kwa kelele za bati. Nikamwandikia kwenye karatasi.

Jioni, tamthilia mpya. Familia mbili zinagombania hoteli moja, na katika dakika arobaini sijaona mgeni hata mmoja akipewa chumba. Wote wanakunywa mvinyo tu. Mama mkubwa wa familia ya kwanza, yule mwenye nyusi za hasira, anaikumbatia glasi kwa viganja viwili kama mtu anayeota moto. Mume wangu angeguna. Miaka ishirini na mmoja alihudumia mvinyo hotelini, na hakuna kilichomuudhi kama glasi iliyoshikwa tumboni. “Mguu umewekewa nini?” angeiuliza runinga.

Ndiyo sababu ya daftari hili. Ana miezi minane kaburini, na mimi bado nageukia upande wake wa kochi niseme neno, halafu nalimeza. Bora niliandike.

Mvinyo mwekundu, wa kawaida. Glasi mbili, kama tulivyozoea: moja ya kufungulia kipindi, moja ya kufungia.

Ijumaa, tarehe 6 Machi

Mvua. Dukani shwari. Mwenzangu wa kaunta, ambaye wateja wote wanamwita Babu Kaunta, amenisomea jina la dawa mara tatu na mara zote tatu amekosea. Ana mtoto wa jicho upande wa kulia, anasubiri zamu yake ya upasuaji. “Herufi zimeanza kunichezea, binti yangu,” anasema. Nimemwambia asijali, mimi nipo.

Glasi mbili.

Jumamosi, tarehe 7 Machi

Binti yangu ana miaka kumi na mitano na tunamwita Jaji, kwa sababu kila kitu anakipa alama juu ya kumi, wazazi wake wakiwemo. Jumamosi ni siku yake: mashindano ya wapishi. Leo mshindani mmoja amelilia keki iliyoporomoka, na kamera ikamsogelea mpaka tukaziona kope moja moja.

“Kilio, tisa,” Jaji akasema. “Keki, mbili.”

Nilicheka hadi nikamwagia zulia. Akaleta kitambaa kabla sijasimama, akapangusa, akaishika chupa, akaitazama ilipofika, akairudisha mezani taratibu. Hakuipa alama.

Jumanne, tarehe 10 Machi

Wifi amehamia kwetu. Ni dada mkubwa wa marehemu mume wangu, fundi cherehani, mwanamke mrefu asiyejua kunong'ona. Upepo wa juzi umeng'oa nusu ya paa lake, na mafundi hawawezi kupanda mpaka mvua ziishe.

“Wifi yangu, nimekuja na cherehani yangu na matatizo yangu,” alisema mlangoni huku anachuruzika maji. “Nisaidie cherehani. Ndiyo nzito.”

Kwa hiyo ni mpaka mwisho wa msimu. Nimetabasamu kadiri nilivyoweza.

Jumatano, tarehe 11 Machi

Amekaa upande wake. Upande wa mume wangu. Hakuuliza, amekaa tu, na kikombe cha chai na nguo ya mtu mapajani. Na anaongea na runinga! “Mwongo huyu! Mtazameni macho! We mama, usitie saini hapo!” Mama wa nyusi akatia saini, na Wifi akapiga paja kama vile hoteli ilikuwa ya baba yake.

Hanywi mvinyo. Nilipomkaribisha alisema, “Mimi na chai tumeshaelewana.” Nilipomimina ya tatu, sindano yake ilisimama kidogo, halafu ikaendelea.

Glasi mbili. (Ya tatu ilikuwa nusu.)

Jumapili, tarehe 15 Machi

Alasiri kuna kipindi cha mvinyo ambacho mume wangu alikuwa hakikosi, kukipenda na kukicheka kwa pamoja. Yule bwana mwenye skafu shingoni hata kama jua linawaka. Leo amenusa glasi, amefumba macho, akasema anapata harufu ya jiwe lililonyeshewa mvua.

Wifi akageuka dirishani. “Sasa si atoke nje aonje bure?”

Hata mimi nilicheka. Nikawaeleza alivyonifundisha marehemu: unazungusha ili mvinyo upumue, unanusa, unasubiri, kisha unaonja kidogo na kuuzungusha mdomoni. Harufu haiko chupani tu, iko pia katika kumbukumbu ya anayenusa. Aliyekulia jirani na duka la ngozi atanusa ngozi. Nilieleza vizuri, nadhani. Jaji alisikiliza hadi mwisho.

“Na kusubiri,” akauliza, “ni muda gani?”

Glasi yangu ilikuwa imeshakwisha.

Jumatano, tarehe 18 Machi

Nimetoa kabatini zile glasi kubwa alizopewa zawadi hotelini. Mvinyo unapumua vizuri zaidi.

Mbili.

Alhamisi, tarehe 19 Machi

Kwenye kundi letu la simu, sisi wanawake sita tuliosoma pamoja, mimi ndiye mchambuzi. Jana niliandika kwamba katika hoteli ile hata mtoto mchanga akilia analetewa glasi, wakacheka siku nzima. Kila mmoja hutuma picha ya glasi yake Jumatano: yenye mishumaa, yenye miguu juu ya stuli, iliyoandikwa “dawa ya mama.” Mimi muuza dawa nimeipenda hiyo kuliko zote.

Jumatatu, tarehe 23 Machi

Wifi ndiye anayetoa taka siku hizi, na chupa zikigongana kwenye mfuko zinasema kama watu. Nimeanza kuziweka kabatini chumbani, nyuma ya makoti ya mume wangu. Si kwamba najificha. Sitaki maneno tu.

Alhamisi, tarehe 26 Machi

Leo ilikuwa siku ya wazazi shuleni. Niliwaambia tuna kazi ya kuhesabu dawa, siwezi kutoka. Kweli ilikuwepo asubuhi. Saa saba nilirudi nyumbani kula, nikakaa kidogo kwenye kiti, nikaamka saa kumi na moja shingo imekakamaa.

Wakaingia wawili, miavuli inadondosha maji. Wifi alikuwa amekwenda badala yangu, amevaa gauni lake la harusi za watu.

“Walimu wamenipa alama ngapi?” nikatania.

Jaji alikuwa anavua viatu. Hakuinua kichwa. “Hukushiriki, mama.”

Jumatano, tarehe 1 Aprili

Siku ndefu, mvua tangu alfajiri, watu wote wanakohoa. Seremala wa mtaa wa nyuma aliacha karatasi ya daktari ya mama yake, dawa za presha, akalalamika kwamba mbao hazikauki. Dawa nimezifunga mwenyewe kule stoo baada ya chakula cha mchana, Babu Kaunta akamkabidhi jioni. Mchana nilikuwa na chupa yangu ndogo ya chai ambayo haikuwa na chai. Kidogo tu, ya kutuliza kichwa.

Kwenye tamthilia, kijana wa familia ya pili amerudi kutoka ng'ambo na ndevu. Inaelekea ndevu ndizo habari yenyewe.

Sikumbuki vizuri mwisho wa kipindi.

Jumatatu, tarehe 6 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Saa nne asubuhi seremala aliingia dukani. Hakufunga mwavuli. Alisimama katikati, maji yanamdondoka sakafuni, akatoa mfukoni pakiti ya dawa na kuiweka juu ya kaunta. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hilo lilinitisha kuliko kelele.

“Mama yangu ameanguka bafuni jana asubuhi. Kizunguzungu. Amevunjika mkono, hapa,” akaonyesha kifundo cha mkono wake. “Daktari ameiona hii. Anasema aliandika nusu kidonge. Nusu. Nyinyi mmemwandikia viwili. Siku nne mama yangu amekunywa viwili.”

Pakiti ilikuwa imelowa. Wino umetawanyika kama moshi, huwezi kujua mwandiko wa nani. Kilichobaki kinasomeka ni tarakimu moja: 2.

Mwenye duka akatoka ofisini kwake. Akaichukua, akaisogeza kwenye mwanga, akafungua daftari la zamu. Mchana ule mimi niliandikwa stoo, Babu Kaunta kaunta. Akamtazama Babu. Sote tulimtazama, kwa sababu kila mtu pale anayajua macho yake.

Babu Kaunta aliishika ile pakiti, akaisogeza karibu na pua, akaiweka mbali, akaisogeza tena.

“Karatasi ya daktari huandikwa moja juu ya mbili,” alisema polepole. “Mtu asiyeona vizuri ataona mbili tu.” Halafu akamgeukia seremala. “Labda ni mimi, mwanangu. Sikumbuki kuifunga, lakini macho yangu haya… Labda ni mimi. Nisamehe.”

Nilikuwa nimeshika kitambaa, nafuta mizani. Mizani ilikuwa safi. Niliendelea kuifuta.

Sikusema kitu.

Jumanne, tarehe 7 Aprili

Mvua.

Jumatano, tarehe 8 Aprili

Babu Kaunta ameambiwa akae nyumbani mpaka itakapoamuliwa. Aliondoka na mwavuli wake na koti jeupe limekunjwa vizuri chini ya kwapa. Alinipa mkono. Wangu ulikuwa wa baridi, akausugua kwa wake kama unavyompasha mtoto joto.

Jioni mzee wa hoteli amegongwa kichwani na kupoteza kumbukumbu. Hivyo ndivyo waandishi wa tamthilia wanavyojinasua wakikwama. Wifi alisema atakumbuka kila kitu kwa wakati unaofaa, wazee wa kwenye runinga hawasahau kabisa. Kwenye kundi waliniuliza mbona mchambuzi kimya. Nikatuma picha ya glasi.

Sikuhesabu.

Alhamisi, tarehe 9 Aprili

Tangu Jumatatu nimekuwa nikijiambia kwamba hata mimi sina uhakika. Kwamba siku ile ilikuwa na fujo, kwamba huenda kweli ni yeye. Leo nimefungua daftari hili nikalirudia. Tarehe moja. Mwandiko wangu, umelala upande kidogo, lakini unasomeka: dawa nimezifunga mwenyewe kule stoo.

Jumamosi, tarehe 11 Aprili

Mwenye duka alinituma nimpelekee Babu Kaunta vitu vyake alivyoviacha: kandambili, redio ndogo, miwani ya akiba. Anaishi peke yake, vyumba viwili, kila kitu kimepangwa kwa mstari. Nilimkuta mezani na makasha matupu ya dawa na kioo cha kukuzia. Alikuwa anajipima. Anasoma, anaandika alichosoma, halafu anamwita mke wa jirani amsahihishe.

“Kumi na sita kati ya ishirini,” aliniambia. “Manne nimekosea. Mtu anayekosea manne alikuwa anafanya nini kaunta?”

Nikasema macho yatatengemaa akishapasuliwa.

“Nimekuchafulia duka, binti yangu. Ulikuwa unanibeba miezi yote hii, unanisomea, na mimi nikaona aibu kuondoka mapema.” Akafuta kioo kwa shati. “Yule mama angeweza kufa.”

Nilimwacha hapo. Nilimwacha vilevile, na makasha yake. Saa nane mchana nilikuwa chumbani kwangu, nimekaa sakafuni kati ya makoti, mlango nimeufunga kwa ufunguo. Saa kumi kipindi cha wapishi kikaanza na Jaji akaniita mara moja. Hakuita ya pili.

Jumapili, tarehe 12 Aprili

Wifi ameziona chupa.

Alikuwa anatafuta koti la kaka yake la kijivu, alitaka kulipunguza ampe Jaji la mvua. Nilipotoka kuoga nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, na chupa amezipanga sakafuni safu tatu, kama wanafunzi. Hazikuwa chache. Nilitaka kusema zimekusanyika kwa muda mrefu, lakini kila moja nilikuwa najua siku yake.

“Funga mlango,” alisema. “Mtoto yupo sebuleni.” Kumbe anajua kunong'ona.

Nikafunga. Nikaanza mimi, kabla yake. Nikamwambia hajui ninavyoishi. Nikamwambia yeye amempoteza kaka lakini bado ana nyumba yake, watu wake, nyimbo zake za cherehani. Mimi nikirudi jioni narudi kwenye kochi lenye shimo. Nikamwambia mvinyo ndicho kitu tulichokuwa nacho, mimi na mume wangu, na runinga yetu. Kwamba kama nimezidisha, nimeanza kuzidisha alipofariki, na mtu yeyote mwenye moyo angeelewa.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

“Wifi yangu,” akasema, “hukuanza alipofariki.”

Nikamtazama.

“Kaka yangu alikuwa ananipigia simu kila Alhamisi. Miaka miwili, mitatu. Hotelini alikuwa anatema, unajua? Kuna ndoo, wanaonja, wanatema. Hakuwa mnywaji. Jumatano alikuwa anakaa na glasi moja tangu mwanzo wa kipindi hadi mwisho. Aliniambia, dada, mimi namimina polepole ili chupa idumu, na yeye anamalizia. Namficha chupa ya pili, anaipata. Nikimwambia anacheka, ananipa maneno matamu, na mimi nampenda, sitaki kumharibia jioni yake. Nifanyeje, dada?” Akapangusa uso kwa kiganja. “Na mimi nikamwambia mwache, amechoka na kazi, ni raha yake ndogo. Hayo ndiyo niliyomjibu mdogo wangu.”

Nilijaribu kuiona glasi yake. Miaka yote ile kwenye kochi. Niliweza kuziona nyusi zake zikipanda, mkono wake ukiionyesha runinga, mguu wa glasi kati ya vidole viwili. Na ndani ya glasi, kila nilipoitazama, mvinyo ulikuwa umefika palepale.

“Toka,” nikamwambia. “Hii ni nyumba yangu.”

“Ni yako. Na paa langu linavuja. Sitoki.”

Nikaketi sakafuni. Hapo ndipo nikamwambia habari ya mama wa seremala. Yote. Nusu kidonge, viwili, chupa ya chai isiyokuwa na chai, Babu Kaunta na kioo chake cha kukuzia. Nilipomaliza, mvua ilikuwa imepungua, na sebuleni yule bwana wa skafu alikuwa anaongea na mtu yeyote aliyekuwa tayari kumsikiliza.

“Nani mwingine anajua?” Wifi akauliza.

“Wewe.”

“Na yule mzee anaamini ni yeye.”

“Anaamini.”

Nilitegemea anitukane, na ningeshukuru. Alianza kuziokota chupa, moja moja, akizitia kwenye mfuko bila kuzigonganisha.

“Kesho nitakusindikiza,” akasema. “Ndani sitaingia. Nitakaa kwenye kibaraza cha duka na kazi yangu, nikusubiri utoke.”

Jumatatu, tarehe 13 Aprili

Nimesema.

Mwenye duka alinisikiliza amesimama. Alipoelewa, alikaa. Aliuliza maswali matatu tu: kama nilikuwa nimekunywa saa ile, kama nilijua tangu siku ya seremala, na kama kuna mgonjwa mwingine. La tatu sikuweza kulijibu kwa uhakika, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Tumekaa saa tano tukipitia karatasi zote za mwezi mzima, jina kwa jina, tukiwapigia watu simu. Hakuna mwingine aliyeumia. Wawili walikuwa na dawa sahihi yenye maelezo ya hovyo. Barua itakwenda kwa wanaotoa leseni. Nimevua koti jeupe, nimeacha funguo.

Babu Kaunta aliitwa akaja na teksi. Nilimweleza yeye peke yake, stoo, macho kwa macho. Nilitegemea atanisugua mkono tena. Alivua miwani akaishika.

“Siku saba,” alisema. “Siku saba nimekuwa namwomba Mungu anisamehe kitu ambacho sikukifanya. Na wewe ulikuja nyumbani kwangu. Ulikaa kwenye kiti changu.”

“Ndiyo.”

“Ukaniona ninavyojipima.”

“Ndiyo, babu.”

“Usiniite babu leo.”

Alipita kando yangu akaenda kaunta. Wifi alikuwa kibarazani, sindano mkononi, kitambaa chote kimelowa manyunyu.

Jumanne, tarehe 14 Aprili

Nimekwenda kwa daktari, nimekaa kwenye benchi upande wa wagonjwa. Najua kwa kazi yangu kwamba mwili uliozoea haunyang'anywi ghafla. Ameniandikia dawa, siku na saa. Wifi ndiye anayenipa, mimi sishiki pakiti.

Jaji nimemweleza mwenyewe. Aliuliza kama nitafungwa. Nikasema sijui, sidhani. Aliuliza kama yule bibi yuko hai. Nikasema yuko hai. Akaenda kufanya hesabu zake.

Jumatano, tarehe 15 Aprili

Chai. Mikono inatetemeka hadi kisahani kinaimba. Sikuwahi kugundua ni mara ngapi wanamimina katika tamthilia ile. Wakifurahi wanamimina, wakifiwa wanamimina, mtu akiingia chumbani bila la kusema anakwenda kwenye chupa. Nilihesabu kumi na tisa. Wifi aliniuliza kama azime. Nikamwambia aache.

Ijumaa, tarehe 17 Aprili

Jasho. Sijalala. Mvua.

Jumatano, tarehe 22 Aprili

Jana nimekunywa. Duka la njia panda, nikidai nakwenda kununua mkate. Nilirudi na mkate pia.

Niliwaambia wote wawili mezani, kabla hawajaninusa. Wifi alifumba macho. Jaji aliendelea kutafuna muda mrefu kuliko mkate wenyewe.

“Umesema mwenyewe,” alisema mwishowe. “Hujawahi kusema mwenyewe.” Halafu akaongeza, bila kunitazama, “Lakini sikupi alama. Nimechoka kukupa alama, mama. Nataka uwe unakuja tu.”

Jumatano, tarehe 29 Aprili

Kwenye kundi wamerudia kuuliza mchambuzi yuko wapi. Nikaandika kwamba nimeacha pombe, kwamba nilimdhuru mtu, na kwamba picha za glasi sitatuma tena. Palikuwa kimya tangu jana saa moja jioni mpaka leo asubuhi. Mmoja aliweka moyo. Mmoja akaandika “jamani, glasi moja tu si dhambi.” Halafu yule wa “dawa ya mama” akaniandikia pembeni, sisi wawili tu: “Na mimi nataka. Unaanzaje?”

Nikampa jina la daktari. Sikuwa na zaidi ya hilo.

Jumatano, tarehe 6 Mei

Tamthilia imeisha. Familia zote mbili zimeshindwa, na hoteli imenunuliwa na mtu ambaye hatujawahi kumwona hata siku moja. Wifi alisimama. “Huyu ametoka wapi? Wiki tisa mimi nawatetea watu hapa, halafu huyu?” Ameapa kuandika barua kwa kituo. Jaji anamsaidia matusi.

Mvua sasa ni za mchana tu, dakika chache. Mafundi wamepanda kwenye paa la Wifi tangu juzi.

Leseni yangu imesimamishwa miezi kumi na minane, nitahojiwa tena baadaye. Babu Kaunta amerudi kazini mpaka siku ya upasuaji wake. Nilimwona kwa mbali kituoni. Aliinua mwavuli kidogo, labda kunisalimu, labda aliona maji yanadondoka.

Jumapili, tarehe 10 Mei

Nimekwenda kwa mama wa seremala.

Seremala alifungua mlango, akaniacha nje. Nilimsikia ndani akisema, “Ni yule,” na sauti ya mwanamke ikajibu, “Basi aingie, au anataka nimfuate?”

Alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mwembamba, plasta nyeupe kutoka vidoleni hadi kwenye kiwiko. Mkono wa kulia. Nikapiga magoti, nikasema jina langu na nilichofanya, kwa maneno machache niliyoyapanga, na yaliyobaki yakatoka bila mpango.

“Wewe ndiye wa viwili,” alisema.

“Ndiyo, mama.”

“Nina miaka sabini na tisa. Nimejivalisha mwenyewe tangu nikiwa mtoto. Sasa angalia.” Akajitazama kifuani. Blauzi ilikuwa imefungwa kombo, kifungo cha pili kwenye tundu la tatu, kola moja imepanda sikioni. “Mwanangu anafunga vifungo kama anapigilia misumari. Nikimwambia, anakasirika. Nikinyamaza, nakaa hivi mpaka jioni.”

Nikamwomba ruhusa nivifunge. Aliinua kidevu.

Vilikuwa kumi na moja, vidogo, vya mviringo, vya kuteleza. Nilivifungua vyote kwanza. Alikuwa anaitazama mikono yangu.

“Inatetemeka.”

“Ndiyo, mama.”

“Umekunywa?”

“Leo ni siku ya kumi na tisa sijanywa.”

Nilianza chini. Cha nne kilinitoka mara mbili. Nilimsikia akipumua juu ya nywele zangu, pumzi fupi fupi, kama mtu anayevumilia kuguswa. Nilipofika shingoni nikamlazia kola, nikarudi nyuma.

Alipapasa mstari wa vifungo kwa mkono wa kushoto, kuanzia juu hadi chini, bila kuruka hata kimoja.

“Sijakusamehe,” alisema.

“Najua.”

“Na sijui kama nitakusamehe. Usije hapa ukidhani unalipwa kitu.”

“Hapana, mama.”

Nikasimama. Nilikuwa nimeshafika mlangoni, seremala ameushika wazi, aliposema tena, akiwa ameelekea dirishani:

“Kesho nakwenda kliniki. Gauni la kliniki linafungwa mgongoni. Uje kabla ya saa tatu.”

Jumatatu, tarehe 11 Mei

Nimefika saa mbili kasoro robo. Vifungo kumi na vinne.